Umri Wako na Pikipiki Yako

Leo tunakuomba ufanye kazi ndogo kabla ya kusoma. Chukua daftari na kalamu, nenda kasimame penye kivuli kando ya barabara unayopita kila siku, ukae hapo nusu saa. Kila pikipiki inapopita, andika mambo mawili tu: anayeendesha anaonekana ana umri gani, na pikipiki yenyewe ni ya namna gani.

Ukirudi nyumbani hesabu ulichoandika. Kama unaishi Dar es Salaam, Mwanza, Morogoro au hata kijijini, huenda orodha yako ikafanana na hii: vijana wengi wa miaka 18 hadi 30 juu ya Boxer, TVS na pikipiki za Kichina, wamebeba abiria au gunia. Bwana shamba au mwalimu wa makamo juu ya pikipiki ndefu ya matairi yenye meno. Mama muuguzi juu ya skuta. Mzee mmoja au wawili juu ya Honda ya zamani, wanakwenda taratibu ukingoni mwa barabara. Na pengine, hili liandike kwa wino mwekundu, mtoto wa miaka 14 aliyetumwa kupeleka pikipiki ya kaka yake kuoshwa.

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Je, umri ndio unaomchagulia mtu pikipiki? Na je, pikipiki unayopanda inalingana na umri wako?

Usidhani haya ni maneno ya ubishi wa kijiweni. Ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 ajali ndizo zinazoongoza kwa kuua. Soma tena. Kwa rika lako, duniani kwa ujumla, barabara inaua kuliko ugonjwa wowote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki.

ZAMANI ILIKUWA YA WATU WAZIMA

Waulize wazee wako. Katika miaka ya 1970 hadi 1990, pikipiki haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya mtu mwenye ajira: bwana afya, bwana shamba, mratibu wa elimu, katekista, karani. Mara nyingi ilinunuliwa na serikali, mradi au misheni, au kwa mkopo wa kazini. Kijana wa miaka 20 aliiona inapita, akaikimbilia kwa nyuma akinusa moshi, basi.

Nazo zilikuwa za aina chache. Kulikuwa na Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kupendwa kwa sababu injini yake ni rahisi, haimsumbui fundi. Kulikuwa na Vespa za mjini. Kulikuwa na zile Honda ndogo za kupitisha mguu katikati, zisizo na klachi ya mkono. Ukoo wa hizo ndogo, Super Cub, ulianza mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 kampuni ilikuwa imeshatengeneza milioni 100. Siri yake ni moja: mtu yeyote aliweza kuipanda, kijana au mzee, aliyevaa suruali au gauni.

Katika miaka ya 2000 mambo yakabadilika. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India ziliingia kwa wingi. Mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo. Pikipiki ikashuka kutoka kwa mtu mzima mwenye mshahara, ikafika kwa kijana anayetafuta mlo wa siku.

Linganisha na Marekani. Huko mambo yamekwenda kinyume. Kwa takwimu za chama cha wafanyabiashara wa pikipiki cha huko, mwaka 1990 umri wa katikati wa mwenye pikipiki ulikuwa miaka 32, maana yake nusu walikuwa chini ya hapo na nusu juu yake. Mwaka 2018 ulikuwa umefika miaka 50! Kwa nini? Kwa sababu huko watu wengi hupanda pikipiki kwa starehe. Mtu analea watoto, anamaliza madeni, ndipo anajinunulia pikipiki kubwa nzito, akatembee Jumapili. Wengine magoti yakichoka wanahamia ya matairi matatu.

Kwa hiyo umri peke yake hauchagui pikipiki. Marekani mwenye pesa za starehe ni mzee. Kwetu pikipiki ni jembe, na mwenye kushika jembe ni kijana.

NANI HASA ANAKUCHAGULIA?

Tukichunguza vizuri, tunaona mambo manne yanayompa mtu pikipiki aliyonayo. Kila moja linabadilika kadiri miaka inavyokwenda.

1. Fedha. Kijana wengi hawanunui, wanapewa. Bosi anakuja na pikipiki yake, mnakubaliana hesabu ya kila siku, au mnaandikiana mkataba kwamba ukilipa miezi kadhaa pikipiki inakuwa yako. Katika hali hiyo wewe hukuchagua kitu. Alichagua bosi, naye alitazama faida, hakutazama urefu wa miguu yako.

2. Kazi. Anayebeba abiria wawili na gunia la mkaa anataka injini yenye nguvu na siti ndefu. (Kubeba abiria wawili, yaani mishikaki, ni kosa. Tunasema tu yanayoonekana.) Muuguzi wa zahanati anayevuka mto anataka pikipiki ndefu. Mzee wa kwenda msikitini na sokoni anatosheka na cc 100.

3. Mwili. Nguvu za mikono, urefu, macho, mgongo na magoti havifanani ukiwa na miaka 17, 35 na 60.

4. Sifa. Hapa tuambiane ukweli. Kijana anataka ionekane. Anabadilisha bomba la moshi ili ilie, anatoa vioo vya pembeni eti vinaharibu shepu, anapandisha tairi la mbele mbele ya wasichana. Mzee naye ana sifa zake: anang'ang'ania pikipiki kubwa kwa sababu kuhamia ndogo ni kama kukiri kuwa nguvu zimepungua.

Kati ya haya manne, mwili ndio unaosahaulika. Nao ndio unaolala wodini.

SHERIA INASEMAJE?

Nchi nyingi zimegundua kwamba si vizuri mtu aanze na pikipiki yoyote anayoitaka. Zimeweka ngazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, kanuni ya jumla ni hii: ukiwa na miaka 16 unaweza kupewa leseni ya pikipiki isiyozidi cc 125. Ukifika miaka 18 unapanda kwenye ya nguvu ya kati, isiyozidi kilowati 35. Ile kubwa kabisa unaipata ukiwa na miaka 24, au ukiwa na miaka 20 kama umeshika leseni ya ile ya kati kwa miaka miwili. Nchi nyingine za umoja huo hubadilisha umri kidogo, lakini ngazi ni ile ile. Huko Japani nako, mwenye miaka 16 anaruhusiwa mpaka cc 400, na zaidi ya hapo lazima awe na miaka 18.

Kwetu Tanzania pia zipo ngazi, ingawa wengi hawazijui. Leseni ya kawaida ya pikipiki ni kwa aliyetimiza miaka 18. Halafu kuna madaraja:

- Daraja A3: vipikipiki visivyozidi cc 50.
- Daraja A1: pikipiki za chini ya cc 125.
- Daraja A: pikipiki zinazozidi cc 125.
- Daraja A2: za matairi matatu au manne, kama bajaji.

Sasa tazama pikipiki unayoendesha. Boxer 100 ni ya A1. Boxer 150 ni ya A. Kama leseni yako ni A1 na bosi amekukabidhi ya cc 150, unaendesha pikipiki ambayo leseni yako haiifikii. Siku ya ajali utajua maana ya herufi hizo, maana bima huanza kwa kuuliza leseni.

Na kama una miaka 16 au 17? Hakuna ujanja hapo. Kuwa mrefu si kuwa na miaka 18.

MWILI WAKO KWA KILA UMRI

Miaka 14 hadi 17. Mifupa bado inakua. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zina uzito wa kilo 100 na zaidi, tena bila abiria. Ikilala upande kwenye mchanga, kijana wa kilo 50 hawezi kuizuia, na mara nyingi inaangukia mguu. Ubongo nao unakua. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari na kusema "subiri kwanza," huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Si kwamba kijana ni mjinga. Ni kwamba breki za kichwani bado zinafungwa.

Miaka 18 hadi 25. Huu ni umri wa macho makali na mikono miepesi. Gari likichomoka, unastuka haraka kuliko baba yako. Basi kwa nini mnaumia ninyi zaidi? Kwa sababu mko barabarani saa nyingi zaidi, hata usiku. Kwa sababu hesabu ya bosi inawasukuma. Kwa sababu washikaji wanatazama. Na kwa sababu ya uzoefu mdogo: mwenye miaka 10 barabarani anaiona hatari kabla haijatokea, anamsoma dereva wa daladala kwa namna anavyokata kona. Wewe unaiona ikishatokea.

Miaka 26 hadi 44. Uzoefu umeingia, lakini mgongo umeanza kusema. Saa 12 juu ya siti, barabara ya makorongo, abiria mzito nyuma. Ganzi ya vidole, maumivu ya kiuno na shingo ni ya kawaida kwa rika hili. Usingizi nao ni adui. Mtu ana familia, anaamka saa 10 alfajiri, analala saa 5 usiku.

Miaka 45 na kuendelea. Macho hupungua nguvu ya kusoma karibu, na usiku taa za magari humuumiza mtu kuliko zamani. Mikono inachelewa kidogo. Shingo haigeuki vizuri kutazama nyuma. Mfupa ukivunjika unachelewa kuunga. Presha na kisukari vinaweza kuleta kizunguzungu, hasa mtu akiruka chakula au dawa. Mzee wa namna hii hahitaji kuachishwa pikipiki. Anahitaji pikipiki nyepesi, siti ya chini, vioo viwili vizima, miwani inayomfaa, na safari za mchana.

HESABU YA BREKI

Tufanye hesabu kidogo. Usiogope, ni kujumlisha tu. Ukiona hatari, kwanza kuna muda wa kustuka kabla mkono haujakamata breki. Wakati huo pikipiki inakwenda bila kupungua. Halafu kuna umbali wa breki zenyewe. Tuchukulie lami ni kavu, breki ni nzima, na kijana anastuka kwa sekunde 1. Anasimama baada ya umbali gani?

- Spidi 40: anasimama baada ya mita 23 hivi.
- Spidi 60: mita 44 hivi.
- Spidi 80: mita 71 hivi.

Tazama vizuri. Spidi imekuwa maradufu kutoka 40 hadi 80, lakini umbali umekuwa mara tatu. Sehemu ya breki peke yake imekuwa mara nne. Ndivyo mwendo ulivyo, hauongezeki kwa urafiki.

Sasa mweke baba yako kwenye hesabu. Tuseme yeye anastuka kwa sekunde 1 na nusu. Kwa spidi 40 atasimama baada ya mita 29, yaani mita 6 mbele zaidi yako. Mita 6 ni zaidi ya urefu wa gari dogo! Afanyeje? Apunguze spidi kutoka 40 hadi 34 hivi, atasimama pale pale unaposimama wewe. Kumbe mzee anayekwenda polepole si mwoga. Anajua hesabu, hata kama hakuisoma shuleni.

Na wewe kijana wa spidi 60? Mwili wako ni mwepesi kuliko wa baba, lakini unahitaji mita 44, naye wa spidi 40 anahitaji 29. Wepesi wote uliopewa na ujana umeliwa na mwendo, na deni juu.

Halafu umepata nini? Safari ya kilomita 5 kwa spidi 40 ni dakika 7 na nusu. Kwa spidi 60 ni dakika 5. Umeokoa dakika 2 na nusu, muda ambao utaumaliza kijiweni ukingoja abiria mwingine. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

JIPIME KABLA HUJAKUBALI PIKIPIKI

Iwe unanunua, unapewa na bosi au unaazima kwa rafiki, fanya majaribio haya. Yanachukua dakika 5.

1. Kaa kwenye siti. Je, miguu yote miwili inafika chini vizuri? Kama unagusa kwa ncha za vidole tu, ni ndefu mno kwako, hasa ukibeba abiria.

2. Zima injini, isukume mbele na nyuma, uizungushe. Ikikushinda kuisukuma, itakushinda kuizuia.

3. Shika mkono wa breki na wa klachi. Vidole vifike bila kunyoosha kiganja chote. Fundi anaweza kurekebisha mikono hiyo.

4. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake, ukiisukuma kwa mkono. Tazama matairi: kama meno yamekwisha, mvua ya kwanza itakuangusha.

5. Soma leseni yako. Je, daraja linaifikia pikipiki hiyo?

6. Uliza kofia ngumu zipo ngapi. Jibu sahihi ni mbili, yako na ya abiria. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini lazima ifungwe mkanda kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani.

Mtoto wa kubebwa naye ana umri wake. Asiyeweza kufikisha miguu kwenye vikanyagio na kushika kwa nguvu zake bado hajafikia kupanda. Kumkalisha mbele kwenye tangi la mafuta si mapenzi. Pikipiki ikisimama ghafla, yeye ndiye mto wa kukulinda wewe.

MASWALI MNAYOULIZA

Swali: Nina miaka 19, nimepata leseni juzi. Bosi anataka nianze na ya cc 150 kwa mkataba. Nikikataa atampa mwingine. Nifanyeje?

Jibu: Tunaelewa, njaa haina subira. Jaribu kuzungumza naye kwa lugha ya faida yake. Mwambie: "Bosi, naomba miezi ya mwanzo nianze na ya cc 100. Inakula mafuta kidogo, na leseni yangu inairuhusu. Nikipata ajali na hiyo kubwa, hasara ni ya kwako." Hakikisha mkataba umeandikwa, unasema hesabu ya siku ya ugonjwa na ya mvua, na una shahidi. Hesabu isiyo na siku ya kupumzika ndiyo inayomfanya mtu akimbie.

Swali: Je, upepo wa pikipiki unaleta nimonia?

Jibu: Hapana. Nimonia huletwa na vijidudu. Lakini upepo na baridi vinachosha mwili, vinakausha macho na kufanya vidole vya breki viwe vizito. Kwa hiyo vaa koti na glavu, na funika macho kwa kioo cha kofia au miwani.

Swali: Nimeungua mguu kwa bomba la moshi. Nipake nini?

Jibu: Maji. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, halafu funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala mafuta ya taa, na usitumbue malengelenge. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja chako, au kikianza kutoa usaha, nenda zahanati. Ukipanda kama abiria, pandia na shukia upande usio na bomba.

Swali: Kiuno kinaniuma kila jioni. Nina miaka 28 tu.

Jibu: Shuka kila baada ya saa mbili, tembea, jinyooshe. Kaa mgongo ukiwa umenyooka, usiukunje. Mwambie fundi aangalie springi za nyuma. Kama maumivu yanashuka mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi au kukosa nguvu, nenda hospitali upesi.

Swali: Je, za umeme zinamfaa nani?

Jibu: Hazina gia wala klachi, kwa hiyo zinamfaa mtu mzima ambaye mikono imechoka, na anayejifunza pia. Lakini zina hatari mbili. Zinachomoka ghafla ukikunja mkono, na hazina mlio, hivyo mtoto barabarani hakusikii. Tumia honi.

Swali: Baba ana miaka 63. Juzi aliingia mtaroni usiku. Nikimwambia aache pikipiki atasema namdharau.

Jibu: Usimwambie aache. Anza na macho. Mwendee akiwa ametulia, mwamkie, kisha useme: "Baba, naomba twende wote hospitali tukapime macho. Mimi pia nataka kupima." Mara nyingi miwani inatosha. Baadaye zungumzeni habari ya pikipiki nyepesi na kutosafiri usiku. Ukijitolea kumpeleka safari za usiku wewe mwenyewe, kwa mwendo wa adabu, utakuwa umemheshimu kwa vitendo.

JADILI NA WENZAKO

Mkiwa darasani, kanisani, msikitini au kijiweni, chukueni yale madaftari ya nusu saa barabarani, mjibu pamoja:

- Katika orodha zenu, ni wangapi walionekana kuwa chini ya miaka 18? Nani aliwapa pikipiki?
- Ni wangapi waliovaa kofia ngumu na kufunga mkanda? Vijana walizidi au wazee?
- Kijiji au mtaa wenu ungeweza kufanya nini ili hesabu za mabosi zisiwasukume vijana kukimbia?
- Kila mmoja ataje pikipiki anayoitamani, kisha ajibu: miguu yangu inafika chini? Leseni yangu inaifikia? Nina uzoefu wa miaka mingapi?

Mkimaliza, rudini na madaftari barabarani mwezi ujao, mhesabu tena. Na yule mtoto wa miaka 14 mkimwona, msimpigie mluzi wala kumshangilia. Msimamisheni, msukumeni naye pikipiki mpaka kwa kaka yake, mkamsalimie kaka huyo, na mzungumze naye.